Msifagie, Bado Mbichi

"Kwani kwenu siku hizi hakufagiwi?"

Mama Cherehani aliuliza hivyo bombani, ndoo yake ikiendelea kujaa, na hakuwa na ubaya wowote. Ni mwanamke anayeshona nguo dirishani, nyumba ya pili kutoka kwa Bibi, na anayekaa dirishani kutwa huona mengi asiyoyatafuta. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama Bibi. Mmoja alichekea puani. Bibi alijibu kwamba nyumba yake inafagiwa kila siku, akajitwisha ndoo kabla haijajaa, akaondoka.

Ulikuwa uongo, na Bibi hakuwa mtu wa uongo. Maisha yake yote ameamka alfajiri akafagia kwanza, halafu ndipo akasali, kwa sababu aliona aibu kumkaribisha Mungu kwenye vumbi. Sasa alikuwa akipiga magoti juu ya mchanga, na akiinuka anaupangusa magotini kwa siri, kama mtu aliyeiba.

Sababu ilikuwa ikining'inia sebuleni, kwenye waya.

Mwanawe mdogo, anayeitwa Fundi na mtaa mzima, alikuwa akipaka rangi vipande vya ndani ya magari: fremu ya redio, mabamba ya milango, kava la gia, vile vidirisha vya kupitishia upepo. Vilifika vimekwaruzwa na kufifia, rangi ya majivu. Alivisugua kwa msasa wa maji mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini kama za mtoto mchanga, akavipulizia nyeusi, akamalizia na vanishi. Vikitoka hapo, mtu angeweza kujichokonolea meno kwa kujitazama humo.

Lakini vanishi ikiwa mbichi ni kama asali, chochote kinachoruka kinanasa. Unyoya, uzi, punje ya vumbi ambayo jicho haliioni, ikikaukia humo inakuwa chunusi, na kipande kizima kinarudi kwenye msasa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria. Hakuna kufagia. Hakuna kukung'uta shuka. Dirisha limefungwa, tambara limesokomezwa chini ya mlango, sakafu imenyunyiziwa maji ili vumbi lilale. Na kwa kuwa kazi zilifuatana, vya gari hili vikikauka vya lile vinatundikwa, muda wa kufagia haukupatikana. Mke wa Fundi, Mama Kidoti, alipangusa kwa kitambaa kibichi pale palipoonekana tu. Chini ya vitanda hapakuguswa.

Mlinzi mkuu wa sheria hiyo alikuwa Bibi mwenyewe. Siku moja alimkuta mkwewe ameshika ufagio, akamnyang'anya na kuuficha nyuma ya kabati. Alimwambia kwamba kazi hii imeletwa na kaka mtu, kaka ambaye hakulazimishwa na yeyote kumkumbuka mdogo wake, na wangapi mjini humu wana kaka wa namna hiyo. Mama Kidoti alinyamaza. Alikuwa anajifunza kunyamaza, na lilikuwa somo gumu kwake.

Huyo kaka walimwita Bosi. Ana duka la kupamba magari kwenye barabara kubwa, lenye vioo mbele na viti vya kuzama kwa wateja. Yeye alipokea magari, akafungua vipande, akavituma kwa mdogo wake ndani ya mfuko wa turubai, na vikishang'aa alivirudisha kwenye gari kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mteja. Mteja alimsifu Bosi. Bosi alimpa Fundi chochote alichoona kinafaa, na kikawa kodi na chakula, kwa taabu. Ukiuliza zaidi unaambiwa sisi ni ndugu.

Aliyekuwa analipa hasa alikuwa Kidoti.

Kidoti ni mtoto wa darasa la kwanza, mwenye alama nyeusi kidevuni iliyompa jina. Kifua chake kilikuwa na mluzi. Zamani mluzi ulikuja na baridi na kuondoka nayo. Tangu bunduki ya kupulizia rangi iingie sebuleni, haukuondoka tena. Chumba cha ndani walicholala wote wanne kilitenganishwa na sebule kwa pazia, na pazia halijui kuzuia harufu. Bibi aliwahi kumwambia mtoto asikohoe kwa nguvu, waya utatikisika na vipande vitagusana. Alisema tu, ili anyamaze. Lakini mtoto alilishika neno. Akawa anakohoa ndani ya mto, macho yamemtoka, akiamini kikohozi chake kinaweza kuharibu gari la mtu.

Mama yake alimkuta hivyo mara nyingi, uso umezama kwenye mto, mgongo unapanda na kushuka. Kila alipomkuta, kitu fulani ndani yake kilipigilia msumari mwingine.

* * *

Siku yenyewe Fundi alikuwa akimalizia vipande vya gari la mteja mkubwa, mtu ambaye Bosi alikuwa akimtaja kwa sauti ya chini kama anataja msikiti au kanisa. Vilikuwa vingi, vimejaza waya kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi alikuwa amefunga kitambaa puani, kompresa ya kusukumia rangi inanguruma, ukungu wa vanishi umetanda mpaka taa ikawa na duara.

Nyuma ya pazia Kidoti aliacha kukohoa. Hilo ndilo lililomshtua mama yake, ule ukimya. Alipomgeuza alikuta midomo imekuwa ya kijivu, mtoto anavuta hewa na hewa haingii, shingo imebonyea pale juu ya kifua. Alikuwa bado ameukumbatia mto.

Mama Kidoti hakupiga kelele. Alimbeba, akapita katikati ya vipande akiinama, akavuta tambara kwa mguu, akafungua mlango, halafu akarudi hatua mbili akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta. Upepo ukaingia. Ulikuwa upepo wa mchana, wenye mchanga wa barabarani na nyuzi za vitambaa vya Mama Cherehani, na uliingia kama mgeni aliyezuiwa mlangoni siku nyingi.

Fundi alizima kompresa. Alitazama waya. Alitazama vipande kimoja baada ya kingine, vikipokea vumbi. Kisha akamtazama mtoto.

Mke wake aliuona mpangilio huo. Kwanza waya, halafu mtoto. Alikuwa amepiga magoti nje, mtoto amemwegemea, anamsugua mgongo na kumwambia avute, mwanangu, vuta taratibu, hakuna atakayekugombeza. Mama Cherehani alikuja mbio na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, wakampakia mtoto kwenye bodaboda, wakampeleka zahanati. Muuguzi alimwekea barakoa ya mvuke, akauliza nyumbani kuna nini. Mama Kidoti akasema kuna rangi. Muuguzi akasema basi rangi na mtoto huyu havikai nyumba moja, mchague kimoja.

* * *

Bosi alifika siku ya pili yake, viatu vyake vikitangulia harufu ya manukato. Hakukaa. Alichukua fremu ya redio, akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ulitoa sauti ya krr, krr.

"Hii ni nini?" alimwuliza mdogo wake. "Ngozi ya mamba? Nimpelekee mtu mzima mamba kwenye gari lake?"

Fundi alisema atavisugua upya, atavipulizia upya. Alisema mtoto alizidiwa. Bosi akauliza nani alifungua dirisha. Fundi akatazama sakafu.

"Mimi," alisema Mama Kidoti. "Nimefungua mimi, shemeji. Na leo likihitajika nitalifungua tena."

Bosi aligeuka kwa mama yake, akazungumza kwa ule upole wa mtu mwenye mamlaka. Alieleza kwamba mteja akikasirika na kazi ikakatika, hapa hakuna kodi, na wote wanajua. Alisema hakuna anayemchukia mtoto. Lakini mama mtoto si ana shangazi yake kule kijijini, kuna hewa, kuna miti? Mtoto apelekwe akae huko mpaka kazi zipungue. Shule zipo kila mahali. Alizungumza kama anayehamisha kiti kinachozuia njia.

Mama Kidoti akauliza kazi zitapungua lini. Bosi akasema hilo ni la Mungu.

"Usimtie Mungu humo," alisema Mama Kidoti.

Bibi alimkemea kwa jicho. Kisha alisema neno ambalo baadaye lilimchoma kila alipopiga magoti. Alisema kaka mtu amefikiria vizuri. Mtoto atapona, kazi itaendelea, na akishapona atarudi. Fundi aliendelea kutazama sakafu. Mkewe alimsubiri, akamsubiri, akamwambia polepole, mbele ya kaka yake na mama yake, kwamba kila akitaka kumwona mwanaume wa nyumba hii anaona mabega tu. Msasa ulikuwa mkononi mwa Fundi, alikuwa ameukunja mpaka umekatika.

Shauri likakatwa. Shangazi alipigiwa simu. Nguo za Kidoti ziliwekwa kwenye begi dogo, begi likawekwa karibu na mlango. Mtoto aliuliza swali moja tu, akimwuliza Bibi kwa kunong'ona, kama safari hii ni kwa sababu ya kukohoa. Alisema anaweza kujaribu kuacha.

Bibi alienda kusali, na sala ilimkwama.

* * *

Asubuhi iliyofuata, Bibi alivaa nguo yake nzuri bila kumwambia mtu anakokwenda. Alikuwa amekumbuka chumba. Siku ya kufungua duka, Bosi alimwomba mama yake aliombee kila pembe, na nyuma kabisa palikuwa na chumba kikubwa chenye dirisha la wavu na feni ya kutolea hewa, kile cha kuvuta nje. Bibi aliweka mkono ukutani akaomba baraka humo pia. Wala hakuwa na wasiwasi njiani. Angemwambia mwanawe wa kwanza kwamba rangi ihamie kwenye kile chumba, mtoto abaki nyumbani, na mwanawe angejipiga kipaji cha uso na kusema mama, mbona sikuwaza.

Alimkuta na mteja, mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Bosi alimwonyesha mama yake kiti kwa mkono, akamwagiza msaidizi amletee soda, akaendelea na mteja. Bibi alikaa kwenye kiti cha kuzama, miguu haifiki chini vizuri, soda baridi mkononi. Yule mteja alikuwa anauliza kama kuna harufu ya rangi hapa, maana ana mtoto.

"Ondoa shaka, dada yangu," alisema Bosi. "Keti na mtoto wako hapa hapa. Dukani kwangu hakupulizwi rangi hata tone. Ile ni sumu, inaziba kifua. Sisi tuna karakana nje ya mji. Kubwa. Mafeni kila kona, vijana wanavaa barakoa. Mimi na afya za watu sichezi."

Mteja alishukuru, akakaa. Bibi alijaribu kuiwaza hiyo karakana. Kwa muda mfupi alifurahi kwamba mwanawe ana karakana kubwa ambayo hakumwambia, akajiuliza kwa nini basi Fundi asiende kufanyia kazi huko. Kisha msaidizi akapita amebeba mfuko wa turubai wa vipande, na Bosi akamwonyesha mteja, akasema hivi ndivyo vinavyokwenda karakana leo. Mfuko ulikuwa na mshikio wa kitambaa cha maua. Mshikio huo Bibi aliushona yeye, kwa sindano, akiwa ameketi juu ya kitanda chake.

Bibi aliiweka soda chini.

Mteja alipoondoka, aliuliza hata hivyo. Alikuwa amekuja kuuliza, akauliza. Mwanawe alicheka kwa mapenzi, akamfungulia mlango wa kile chumba cha nyuma. Palikuwa na kochi, televisheni, jokofu dogo, na zulia. Feni ya kutolea hewa ilikuwa inazunguka taratibu, ikitoa nje hewa ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Hapa ndipo ninapopumzikia, mama. Na nikipuliza rangi humu, harufu si itafukuza wateja?"

"Na kwetu?"

"Kwenu ni nyumbani," alisema Bosi.

Halafu, kwa kuwa mama yake alikuwa anarudi upande ule ule na gari la duka lilikuwa na safari nyingine, alimpa ule mfuko auchukue. Bibi aliubeba mapajani njia nzima. Ulikuwa mzito na wenye ncha, ulimchoma magotini kila daladala iliporuka. Watu walimsalimia, akaitikia. Hasira ilikuwa imemjia taratibu kama homa, kuanzia miguuni, na ilipofika kichwani ilimkuta ametulia kabisa.

Nyumbani aliweka mfuko chini. Hakumwambia mtu alikotoka. Alimwomba Mama Kidoti amsaidie kusogeza kabati kidogo, kuna kitu chake kilianguka nyuma.

* * *

Fundi alikuwa amevisugua upya vipande vya mteja mkubwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na kazi, lazima isemwe, ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alimalizia tabaka la mwisho la vanishi mchana, mtoto akiwa amepelekwa kwa Mama Cherehani na begi lake limebaki mlangoni. Bosi alikuja kukagua kabla havijakauka, kwa sababu gari lilikuwa linangojewa, na kwa sababu alitaka kumwona mtoto akiondoka kwa macho yake. Alisema amekuja na gari, atamfikisha Kidoti stendi mwenyewe. Alilisema kama zawadi.

Alisimama mbele ya waya, mikono nyuma, akiinamisha kichwa huku na huku. Mwanga wa mlango uliteleza juu ya weusi ule kama maji. Safari hii alitabasamu. Alimwambia mdogo wake unaona sasa, ukitulia unaweza. Akamwambia shemeji yake alete mtoto.

Mama Kidoti alikuwa amesimama kwenye pazia na hakusogea. Alisema mtoto hatoki. Alisema akitoka mtoto anatoka na mama yake, na huyo mwenye mabega abaki na vipande vyake avilaze kitandani.

Bosi alimgeukia Fundi, akamwambia amtulize mke wake. Fundi alifungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu begi liwekwe mlangoni, na sauti ilitoka imekwaruza.

"Kaka, kile chumba chako cha nyuma," alisema. "Kwa nini tusi..."

"Mama ameshaniuliza," alikata Bosi. "Na ameshajibiwa."

Wote wawili, mume na mke, walimgeukia Bibi. Hawakujua kwamba alikwenda. Bibi alikuwa ametoka chumba cha ndani, amejifunga kanga kiunoni, na mkononi ana ufagio.

Alianzia kwenye kona ya mbali, pale ambapo mchanga ulikuwa umerundikana kuliko kote. Hakunyunyiza maji. Alifagia kwa nguvu za mwanamke aliyefagia nyumba maisha yake yote na akanyimwa, kutoka chini ya kiti, chini ya meza, nyuma ya kompresa, na vumbi lilinyanyuka kahawia kwenye mwanga wa mlango, likapanda, likasimama kidogo hewani kama linalochagua, likaanza kushuka juu ya waya.

"Mama," alisema Fundi. "Bado mbichi."

"Najua."

Fundi alinyoosha mkono kuelekea kwenye vipande, kisha akaurudisha. Alimtazama mkewe. Akavuka chumba, akalifungua dirisha mpaka mwisho.

Bosi alirudi nyuma kulinda viatu. Vumbi lilikuwa limemfika mabegani, kwenye shati lake jeupe. Alimwuliza mama yake amepatwa na nini, kama anajua hivi ni vya nani, kama anajua kodi ya nyumba hii inatoka wapi. Bibi aliendelea kufagia. Alilifikia lile begi dogo karibu na mlango, akaliinua, akampa Mama Kidoti alirudishe ndani, akafagia mahali lilipokuwa. Alifika kwenye viatu vya mwanawe wa kwanza, akasimama, akasubiri avisogeze. Bosi akavisogeza.

"Ukitafuta neno la kuwaambia wateja," alisema Bibi, na pumzi yake ilikuwa juu lakini sauti iko chini. "Kawaambie karakana yenu ya nje ya mji leo inafagiwa."

Bosi alimtazama mama yake. Alitazama waya, vile vipande vyeusi vilivyokuwa vinageuka rangi ya udongo. Kisha akaruka lile fungu la taka lililokuwa kizingitini, akatoka.